Maji kuruka bila mota: kutoka mfongo wa Uru hadi fauntini za Roma (uzi wa fundi bomba aliyerudi kutoka melini)

#1 FundiValvu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni fundi bomba, makazi yangu Pasua, Moshi. Nimefunga mabomba hapa mjini miaka 11, baadaye nikapata mikataba mitatu kwenye meli za kitalii zinazozunguka Mediterania, kazi ileile ya mabomba. Sasa nimerudi jumla. Kuna jambo limenikaa moyoni tangu siku niliyosimama kwenye bomba la mtaani kule Roma nikiwa nimeliziba mdomo kwa kidole, na nitalifikia. Kwanza nianze na kazi niliyoiharibu mwenyewe, maana ndiyo iliyonisukuma kuzisoma fauntini.

Nikisema fauntini nina maana ya yale maji yanayorushwa juu kwenye bustani za hoteli na kwenye mizunguko ya barabara. Wengine mnaziita chemchemi, ila chemchemi kwetu ni ile inayobubujika ardhini yenyewe, kwa hiyo humu nitazitenganisha.

Hoteli moja hapa mjini iliniita niwajengee fauntini mbele ya mapokezi. Mwenyewe alitaka maji yapande mita 3. Nikajenga bwawa la duara la upana wa mita 2, nikaweka mota ya kuzamisha, nozeli ya shaba (ule mdomo mwembamba wa kurushia maji) katikati, na taa za rangi. Siku ya kwanza wageni walipiga picha mpaka usiku. Baada ya miezi mitatu ikafa.

Nilipoifungua nilikuta kila kosa limeacha alama yake. Upepo wa mchana ulikuwa unayachukua matone na kuyamwaga nje ya bwawa, kina kikawa kinashuka kila siku, na mimi sikuweka boya la kuongeza maji lenyewe. Mota ikafika mahali inanyonya hewa. Maua ya mjakaranda yalikuwa yamelala kwenye mdomo wa kunyonyea kama mkeka wa zambarau, na sikuwa nimeweka chujio la maana. Koili ilikuwa nyeusi. Nilimrudishia mwenye hoteli fedha ya mota, na lile bwawa leo limejazwa udongo, limepandwa maua.

Kanuni ambayo sikuijua wakati ule ni hii: ukitaka maji yapande mita 3, kutoka nozeli hadi ukingo wa bwawa pasipungue mita 3 kila upande. Yaani bwawa la mita 6. Mimi nilijenga la mita 2.

Nitaendelea. Wenye maswali karibuni.

#2 Kiboriloni_Kwetu

Mangi, umenigusa. Mimi nina mteja kwenye nyumba yake ya Shanty Town (mtaa wa wenye uwezo hapa Moshi), fauntini yake anaiwasha akiwa na wageni tu kwa sababu inamla LUKU. Siku nyingine zote maji yamelala pale kijani, mbu wanazaliana. Kwa nini hizi kitu zinatushinda sisi na wenzetu wanazo za miaka 300?

#3 FundiValvu

Kaka, zinatushinda kwa sababu tunanunua mota kabla hatujapima mwinuko.

Maji huruka kwa kuwa kuna kitu kinayasukuma. Kinaweza kuwa mota, na kinaweza kuwa uzito wa maji mengine yaliyo juu yake. Chukua simtanki kwenye mnara wa mita 6. Kila mita 10 za mwinuko ni karibu baa 1 ya presha, kwa hiyo pale chini una baa 0.6 bila kulipa senti. Elekeza bomba juu, fungua: maji yatajitahidi kurudi kwenye kimo yalikotoka, mita 6. Hayatafika kamili, sababu msuguano ndani ya bomba na hewa ya nje vinakula sehemu yake. Ila yatapanda.

Hapa ndipo mafundi wengi tunaharibu. Tunavuta maji kwa bomba la nusu inchi umbali wa mita 40, halafu tunashangaa yanatoka kama ya kunawia mikono. Presha yote imeishia njiani. Bomba la kuleta liwe nene, nozeli ndiyo iwe nyembamba.

Hesabu ya juu juu: kutoka kimo cha mita 6 maji hutoka kwa kasi ya karibu mita 10.8 kwa sekunde. Nozeli ya milimita 10 itamwaga karibu lita 50 kwa dakika, maana yake tangi la lita 1,000 limekwisha kwa dakika 20. Nozeli ya milimita 6 itamwaga kama lita 18. Mteja wako akiwa na chanzo kinachotiririka usiku kucha kujaza tangi, anaweza kuwa na maji yanayoruka jioni nzima, na yaliyomwagika yakaenda kwenye migomba. Maji yanayopita hayaoti kijani na mbu hapati pa kutaga.

Zile za miaka 300 unazosema, nyingi zilijengwa hivyo. Hakukuwa na umeme.

#4 Mwl_Fizikia

Naomba kuchangia, hii ni mada ninayoipenda kuliko zote kidato cha pili.

Kasi anayoitaja fundi inatoka kwa Evangelista Torricelli, Mwitalia wa karne ya 17: maji yanayotoka kwenye tundu yana kasi ileile ambayo kitu kingekuwa nayo kama kingedondoka kutoka kwenye uso wa maji hadi kwenye tundu. Ndiyo maana kimo ndicho kila kitu.

Wanafunzi wangu huwa nawatengenezea fauntini ya Heron. Heron aliishi Aleksandria, Misri, karne ya 1. Unahitaji chombo cha wazi juu na chupa mbili zilizofungwa kwa hewa, moja katikati na moja chini. Chupa ya katikati imejaa maji, ya chini ina hewa tupu. Ukimimina maji kidogo kwenye chombo cha juu, yanateremka kwa mrija hadi chupa ya chini. Yakiingia, hewa iliyokuwamo inakosa pa kukaa, inapanda kwa mrija mwingine hadi chupa ya katikati na kuyakandamiza maji yaliyomo. Yale maji hayana njia ila mrija wa tatu unaotokea juu, kwa hiyo yanaruka, juu kuliko hata chombo ulichomiminia.

Darasa huwa linanyamaza kabisa. Kisha anatokea mmoja anauliza: mwalimu, itaruka milele? Namwambia tusubiri. Chupa ya katikati ikiisha maji, inakoma. Wakishaona kwa macho kwamba hakuna maji ya bure, somo la nishati linakuwa jepesi.

Chupa za soda za plastiki, mirija ya dripu iliyosafishwa, gundi ya moto. Hewa ikivuja popote haifanyi kazi, na hapo ndipo watoto hujifunza subira.

#5 DadaSafari

Shikamooni wakubwa. Mimi nimevutwa na upande wa meli. Fundi, mle ndani maji mnayatoa wapi, na je Mtanzania wa kawaida anaweza kwenda kama abiria? Mume wangu na mimi tunatimiza miaka 20 ya ndoa mwakani na tumekuwa tukiweka akiba.

#6 FundiValvu

Marahaba dada, na hongereni sana kwa miaka 20.

Meli ya kitalii ni mji unaotembea. Ile inayoitwa Icon of the Seas, iliyoanza safari zake 2024, ina deki 20 na inaweza kubeba abiria hadi 7,600, ukiachilia wafanyakazi. Zile nilizofanyia kazi mimi zilikuwa ndogo kuliko hiyo, lakini hata hizo, asubuhi watu wote wakiingia bafuni kwa pamoja, unasikia mabomba ya chini yanavuma kama mto Karanga wakati wa masika.

Maji mengi tunayatengeneza wenyewe baharini. Njia ya kwanza ni kuyasukuma maji ya chumvi kwa presha kubwa sana kupitia utando ambao maji hupita na chumvi hubaki. Ya pili ni kuyachemsha ndani ya chombo kilichonyonywa hewa, kwa joto linalotoka kwenye injini. Ndani ya chombo kile maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, kama vile ambavyo wapagazi wetu wanajua kwamba kule Kibo maji huchemka mapema na maharage hayaivi. Tukiwa bandarini mitambo hiyo tunaizima, maji ya bandari ni machafu.

Yakishatoka pale ni maji matupu mno, yanakula mabomba, kwa hiyo yanarudishiwa madini, kisha klorini. Meli zinazotia nanga Marekani zinatakiwa ziwe na klorini isiyopungua miligramu 0.2 kwa lita hata kwenye bomba la mwisho kabisa, na isizidi 5. Kipimo kinarekodiwa saa zote.

Ukumbi mkubwa wa meli yangu ya pili ulikuwa na fauntini ya ukutani. Wageni waliiona kama pambo, sisi tuliihesabu kama hatari. Kuna kimelea kinachoitwa Legionella. Kiligunduliwa baada ya maveterani waliokuwa kwenye mkutano hotelini Philadelphia mwaka 1976 kuugua mapafu na wengi kufa. Kinapenda maji ya uvuguvugu yaliyotuama, na kinaingia mwilini kwa matone madogo unayovuta na hewa. Fauntini kazi yake ni kutengeneza matone hayo hayo. Kwa hiyo kila wiki tuliimwaga, tukaisugua, tukaitia dawa. Mwambie na mteja wa Shanty Town: maji yaliyolala mwezi mzima, usiyawashe mbele ya wageni kabla hujayabadilisha.

Kuhusu kusafiri: inawezekana dada. Pasipoti yetu inahitaji viza ya Schengen (viza moja ya kundi la nchi za Ulaya) kwa safari za Mediterania, na kama meli inatoka nje ya nchi za Schengen na kurudi, ombeni ya kuingia zaidi ya mara moja. Hili limewaumiza watu. Bei mnayoiona kwenye tangazo mara nyingi ni ya chumba, chakula cha kawaida na burudani. Ongezeni bahashishi za kila siku, intaneti, vinywaji, ziara za nchi kavu na tiketi ya ndege ya kuifikia bandari. Fikeni mji wa bandari siku moja kabla. Ndege ikichelewa, meli haingoji.

Na zoezi la usalama msilidharau hata kama mmechoka. Costa Concordia ilipogonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio mwaka 2012 walikufa watu 32, na walikuwamo abiria waliopanda siku hiyohiyo ambao hawakuwa wamefanyishwa zoezi. Siku hizi linafanyika kabla meli haijang'oa nanga.

#7 MwanaKigoma

Mkiongelea meli za kitalii msiisahau Liemba yetu. Ilijengwa na kiwanda cha Meyer kule Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikavunjwa vipande, ikaja kwa meli hadi Dar, ikapandishwa reli hadi Kigoma, ikaunganishwa upya na kushushwa ziwani 1915 ikiitwa Graf von Götzen. Wajerumani wenyewe wakaizamisha 1916 walipokuwa wanakimbia, Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba.

Kiwanda kilekile cha Papenburg bado kipo, na leo kinajenga hizo meli kubwa za kitalii. Kipo ndani kabisa, kwenye mto Ems, meli inatoka kinyumenyume ikivutwa mtoni hadi baharini. Babu yangu alifanya kazi Liemba. Nikiona meli ya deki 20 inatoka pale huwa najiambia, huyo ni mdogo wake na ya babu.

#8 FundiValvu

Asante sana MwanaKigoma, hilo la Papenburg sikulijua, na nimekaa na Wajerumani miezi tisa karakana moja!

Sasa Roma. Meli haifiki Roma, inatia nanga Civitavecchia, na treni inachukua kama saa moja na kitu. Dada, mkienda wenyewe bila ziara ya meli, hesabuni muda wa kurudi kwa uangalifu, mkichelewa mtaiona inaondoka.

Siku ya kwanza nilipata ruhusa ya saa chache. Nikaenda moja kwa moja Trevi kama kila mtu. Watu wamesongamana, sarafu zinarushwa kwa mgongo, na zile sarafu hukusanywa zikapewa shirika la Caritas kusaidia maskini. Ni kubwa, ina upana wa karibu mita 49 na kimo cha mita 26, na Nicola Salvi aliyeichora alifariki 1751 kabla haijakamilika, ilimalizika 1762. Lakini mimi nilikuwa naangalia maji. Kwa ukubwa wote ule, maji hayaruki. Yanaporomoka, yanamwagika juu ya mawe, yanafanya kelele nyingi, ila hayapandi. Nikajiuliza kwa nini.

Jibu ni mwinuko. Trevi ilijengwa mwishoni mwa mfereji wa Agrippa, jenerali wa Kirumi, uliokamilika mwaka 19 kabla ya Kristo. Mfereji una urefu wa kilomita 20 hivi, sehemu kubwa uko chini ya ardhi, na mteremko wake wote, mwanzo hadi mwisho, ni mita chache tu. Maji yanafika mjini yakiwa chini, hayana presha ya kuruka. Salvi hakushindana nayo. Akatafuta uzuri kwenye kuporomoka.

Nilipolielewa hilo nilimkumbuka bibi yangu. Kwa wasio wa huku: mfongo ni mfereji wa kienyeji wa Wachaga, unatoka mtoni juu kabisa, unazungukia kingo za makorongo na kuteremka taratibu hadi kwenye vihamba. Ukiwa na mteremko mkali unakatika, ukiwa na mteremko mdogo mno unajaa tope. Wazee wetu walipima kwa jicho na kwa maji yenyewe: chimba hatua chache, achia maji, tazama, rekebisha. Kuna mifongo inayopita ukingoni mwa jabali mahali ambapo mimi na kipimo changu cha laser ningesita. Hii ilikuwepo kabla mkoloni hajafika. Bibi alikuwa na zamu ya usiku. Alikuwa akitoka na taa ya chemli na jembe, anaondoa jiwe na gome la mgomba lililoziba njia, na unasikia maji yanakuja gizani kabla hujayaona. Kwenye nduwa, lile bwawa dogo la juu, yalikusanywa usiku ili asubuhi yatoke kwa nguvu.

Ile kazi ya Agrippa na ile ya ukoo wa bibi ni ufundi mmoja. Nalisema hili nikiwa nimeziona zote mbili.

Kutoka Trevi nikatembea hadi kichochoro fulani, kiu imenishika. Roma ina mabomba ya chuma ya mtaani yanayoitwa nasoni, maana yake pua kubwa, kwa sababu ya umbo la mdomo wake. Yalianza 1874, na leo mjini na pembezoni yako karibu 2,500. Nguzo nene ya chuma, herufi SPQR (kifupi cha Kilatini cha Seneti na Watu wa Roma), na mdomo uliopinda chini unaomwaga maji baridi mchana na usiku. Niliinama nikinge kwa viganja. Bibi mmoja aliyebeba mfuko wa nyanya akanigusa bega, akatikisa kichwa, akaweka kidole chake kwenye mdomo wa bomba akauziba. Juu ya ule mpindo kuna tundu dogo. Maji yakaruka kwa upinde mzuri hadi usawa wa midomo yangu. Akacheka, akaondoka zake. Nikaweka kidole changu mimi. Nikanywa. Nikaendelea kuziba na kuachia kama mtoto, mpaka mtu nyuma akakohoa anataka zamu yake.

Ndiyo siku nilipoelewa kwamba fauntini na bomba la kunywa ni ndugu wa tumbo moja. Pambo ni jambo la baadaye.

Mwisho wa mkataba wa tatu nilibaki usiku mmoja, nikaenda Tivoli, kwenye bustani ya Villa d'Este. Karne ya 16 kadinali mmoja, Ippolito d'Este, alikata mto Aniene akaupitisha chini ya mji, maji yakaingia bustanini kutoka juu. Mamia ya mirusho, na haikuhitaji pampu. Hata kinanda kimoja hulia kwa nguvu ya maji. Nilikaa pale saa nne, nikafukuzwa na mlinzi wakati wa kufunga.

Linganisheni na Versailles. Mfalme Louis wa 14 alijenga mahali pasipo na mwinuko wa maji. Ikabidi ujengwe mtambo wa Marly kwenye mto Seine, ukakamilika 1684, magurudumu makubwa 14 na pampu zaidi ya 200, ili kupandisha maji zaidi ya mita 150. Na bado hayakutosha! Watunza fauntini walikuwa wakipigiana miluzi mfalme akitembea bustanini: hizi fungua anafika, zile funga ameshapita. Utajiri wote ule, na kilichokosekana ni kilima chenye mto.

Sisi tuna Kilimanjaro.

#9 Abuu_Tanga

Mashaallah fundi. Niongezee kwamba kwenye Uislamu jambo hili ni la zamani. Baghdad, karne ya 9, ndugu watatu waitwao Banu Musa waliandika juu ya mitambo ya fauntini zinazobadilisha umbo zenyewe, mara maji yanatoka kama mkuki, mara yanafunguka kama ngao. Na Alhambra kule Granada kuna ua wa simba 12 wa marumaru, kila mmoja anatoa maji mdomoni, kazi ya karne ya 14.

Nilipokwenda umra niliiona ile ya Jeddah usiku, ya Mfalme Fahd. Inarusha maji ya bahari zaidi ya mita 250. Ukiwa mbali unadhani ni moshi mweupe umesimama.

Ila kwangu mimi fauntini iliyo bora ni bomba la sadaka nje ya msikiti. Mwenyewe keshafariki, na bado kila anayepita na kiu anapata thawabu kwa ajili yake. Hapa Tanga lipo moja, limefungwa kwa ajili ya mama wa mtu, bodaboda wote wanasimama pale adhuhuri.

#10 Sakina_Arusha

Nimesoma yote kwa makini, lakini lazima niseme la upande wetu. Mimi nina miaka 34 na sicheki kwa meno wazi. Waliozaliwa maeneo ya chini ya Meru wanajua: meno ya kahawia. Ni floraidi kwenye maji ya ardhini, inatokana na miamba ya volkano. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na kuna visima kwetu vinapita hapo mara nyingi sana. Watoto wengine hupinda mifupa ya miguu.

Maji hayo ni maangavu, baridi, matamu. Huwezi kuona kitu. Kwa hiyo mtu akija na wazo la bomba la kunywa la bure shuleni, namwomba kwa heshima zote: pima kwanza. Kuchemsha hakuondoi floraidi, kunaizidisha kwa sababu maji yanapungua na yenyewe inabaki. Kinachosaidia ni kama ule mkaa wa mifupa ya ng'ombe unaofanyiwa kazi kule Ngurdoto, na mkaa huo nao hujaa, lazima ubadilishwe.

#11 FundiValvu

Dada Sakina, asante, na pole. Umesema jambo ambalo lilipaswa kuwa kwenye posti yangu ya kwanza. Nimelipokea.

Na historia inakuunga mkono kabisa. London mwaka 1854 kipindupindu kiliua mamia ya watu mtaa mmoja. Daktari John Snow akafuatilia vifo, akaona vimezunguka pampu ya Broad Street, mpini wa pampu ukaondolewa; baadaye akavichora kwenye ramani. Maji ya pampu ile watu walikuwa wakiyasifia kwa utamu. Mwaka 1859 mji huohuo ukapata bomba lake la kwanza la bure la kunywa lililojengwa na chama cha hiari, kwenye ukuta wa kanisa pale Holborn, maji safi, na vikombe vimefungwa kwa mnyororo. Watu maelfu walikunywa hapo. Halafu ikaonekana kikombe chenyewe kinapitisha magonjwa, na mwaka 1909 jimbo la Kansas likapiga marufuku kikombe cha pamoja. Ndipo bomba la kurusha maji mdomoni likashika kasi. Nalo lilianza na kosa: maji yalirushwa wima, yakarudi yamepita mdomoni mwa mtu na kuangukia nozeli. Ndiyo maana siku hizi hurushwa kwa mshazari.

Hata ile ya Geneva inayorusha mita 140, lita 500 kwa sekunde, haikuanza kama pambo. Mwaka 1886 mji ulikuwa unasambaza maji ya presha kuendesha mashine za viwandani. Jioni mafundi wakifunga mashine zao, presha inapanda ghafla. Wakaweka mahali pa kuitolea, maji yakaruka juu, watu wakaja kutazama. Ilikuwa valvu ya usalama! Mwaka 1891 wakaihamishia kwenye ukingo wa ziwa.

Sasa niseme ninachokifanya. Kuna shule ya msingi kule Uru, siitaji jina. Watoto wanakuja na maji kwenye chupa za mafuta ya kupikia, mchana yameisha. Juu ya shule kuna chemchemi ya kijiji yenye kidakio cha zamani. Nimepima kwa mpira wa uwazi wenye maji, hatua kwa hatua, siku mbili: mwinuko mita 14, umbali mita 180. Baa 1.4, bila mota wala LUKU. Kamati ya maji ya kijiji imekubali kwa sharti kwamba yanayomwagika yarudi kwenye mfongo. Sampuli nimepeleka maabara ya maji, floraidi iko chini ya kikomo, vimelea vya kinyesi vilionekana kidogo, kwa hiyo kidakio tumekifunika upya na kukizungushia uzio wa ng'ombe, na tutapima tena kabla mtoto hajanywa.

Bomba ni la poli, inchi moja na nusu. Mdomo wa kunywea nimechonga mwenyewe kwa chuma kisichopata kutu, umepinda chini, na juu ya mpindo nimetoboa tundu la milimita 5 lililoelekea mbele kidogo.

Waliopo Moshi, Jumamosi saa 3 asubuhi tunafukia mtaro. Nahitaji mikono na makoleo.

#12 Kiboriloni_Kwetu

Nipo mkuu. Nakuja na vijana wawili na msumeno wa bomba. Kile kipimo cha pili kikitoka, tuwekee majibu.

#13 Mwl_Fizikia

Nakuja na wanafunzi sita wa kidato cha pili. Naomba wapime wenyewe maji yanaruka kimo gani, tulinganishe na hesabu.

#14 FundiValvu

Mrejesho, wakuu. Kipimo cha pili kimetoka safi. Nimechelewa kuandika, mgongo.

Walikuja watu 23. Mtaro umefukiwa. Tulipofungua geti valvu mara ya kwanza ilitoka hewa, ikakoroma muda mrefu, likafuata tope jekundu, kisha maziwamaziwa, kisha maji. Tukayaacha yakimbie saa nzima.

Jumatatu mwalimu mkuu akapanga mstari. Walikinga kwa viganja, mmoja baada ya mwingine, hakuna aliyejua tundu lile ni la nini na mimi sikusema. Mtoto wa saba au wa nane, binti wa darasa la pili, alikuwa na kidonda kidoleni. Akakiweka kwenye mdomo wa bomba ili akioshe. Maji yakamrukia kwenye paji la uso. Akaruka nyuma, akatazama kidole chake, akakirudisha.

Mwl_Fizikia, vijana wako walipima sentimita 90 valvu ikiwa imefunguliwa kidogo. Ikifunguliwa yote maji yanapita paa la darasa la nne. Walimu wameomba tuiache kwenye 90, na funguo ya valvu anakaa nayo mwenyekiti wa kamati ya maji.